Mfungo wa Agosti kwenye njia ya makasisi wa Kiingereza: St Petersburg, Moscow, Sergiev Posad

Njia hii inafuata makasisi watatu wa Kianglikana walioiona Urusi wakati Tsar bado yuko kitini. William Palmer, shemasi wa Chuo cha Magdalen, Oxford, alikuja 1840 na kukaa hadi 1841. Arthur Penrhyn Stanley alizuru 1857 akiwa tayari ameteuliwa profesa wa historia ya Kanisa, akarudi 1874 akiwa mkuu wa Abasia ya Westminster. Mandell Creighton, Askofu wa Peterborough, alitumwa Moscow 1896 kuwakilisha Kanisa lake wakati wa kutawazwa kwa Nicholas wa Pili. Watatu hao hawakuona Urusi moja. Kila mmoja aliona ile aliyofunguliwa na mwenyeji wake, na ukisimama leo mahali waliposimama unaweza kupima umbali kati ya walichoonyeshwa na kilichokuwa mtaa wa pili.

Tarehe za hapa ni za kalenda ya kawaida. Kanisa la Urusi bado linafuata kalenda ya Julian, ambayo leo iko nyuma kwa siku 13. Karne ya 19 tofauti ilikuwa siku 12. Ndiyo maana barua za wakati ule hubeba tarehe mbili, na ndiyo maana Agosti yetu iliangukia mfungo: kuanzia tarehe 14 hadi 27 waumini hawali nyama, maziwa wala mayai, wakijiandaa kwa sikukuu ya Kulala kwa Mama wa Mungu tarehe 28. Samaki anaruhusiwa tarehe 19 tu.

13 Agosti, St Petersburg

Viwanja vya ndege vya Urusi siku hizi hufungwa ghafla kwa tishio la droni, na ndege ya kutoka Istanbul ilitua saa tatu baada ya muda wake. Anayeunganisha na treni siku hiyohiyo aache nafasi ya nusu siku. Mpakani unapewa kadi ya uhamiaji, kikaratasi chembamba kinachopotea kirahisi. Hoteli itakidai, na ukitoka nchini utakirudisha. Usajili wa anwani hufanywa na hoteli yenyewe. Ukilala kwa mtu binafsi, mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kukusajili, na wengi hukwepa kazi hiyo, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa.

Fedha: kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi tangu Machi 2022, si dukani wala kwenye mashine. Beba dola au yuro taslimu, noti safi zisizokunjwa wala kupigwa mhuri. Benki hubadilisha kwa pasipoti; tulipopita, dola moja ilikuwa karibu ruble 80. Badilisha mjini, kwa sababu uwanjani bei ni mbaya. Intaneti ya simu nayo hukatwa mara kwa mara, basi pakua ramani na picha za tiketi ukiwa bado kwenye intaneti ya hoteli. Jambo moja halina usumbufu kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi: saa ya Moscow na St Petersburg ni ileile ya Afrika Mashariki.

14 Agosti, Lavra ya Alexander Nevsky

Metro hadi Ploshchad Alexandra Nevskogo, nauli chini ya ruble 100, na geti la Lavra, yaani monasteri kuu, liko hatua chache kutoka mlangoni. Kuingia Kanisa Kuu la Utatu ni bure. Tiketi inahitajika kwa makaburi ya pembeni tu, alikozikwa Dostoevsky.

Siku ya kwanza ya mfungo ni sikukuu ya Msalaba, na watu huleta asali ya msimu mpya kubarikiwa. Meza ndefu ilikuwa uani: mitungi, bakuli, ndoo ndogo za plastiki, kila moja na mshumaa mwembamba uliosimikwa pembeni. Padri alipita na brashi pana, akawamwagia maji watu na asali bila kubagua. Bibi mmoja aliyekuwa amepanga mitungi yake vizuri alichovya kijiko cha mbao, akamlisha kila mgeni aliyesimama karibu. Alipoona mwanamke wa kundi letu hana mtandio, alitoa wa akiba mkobani, akamfunga mwenyewe.

Mtandio kwa mwanamke si hiari, na sketi ndefu inapendelewa. Makanisa mengi yana kapu la vitambaa mlangoni, lakini siku ya sikukuu kapu huisha mapema. Mwanamume avue kofia. Hakuna viti, isipokuwa benchi chache ukutani kwa wazee na wagonjwa. Hakuna kinanda; ni sauti za watu tu. Liturujia ya asubuhi huchukua saa mbili hivi, na mkesha wa sikukuu hufika saa tatu. Kusimama huku kuliwashangaza wageni wengi kutoka Uingereza, ambako wakati ule familia tajiri zilikodi viti vyao kanisani na maskini walikaa nyuma. Hapa jenerali na mkulima walibanana sakafu moja. Hilo ni kweli, na mgeni aliyeliandika hakukosea. Ila jenerali yule alipotoka nje alikuwa bado anammiliki mkulima yule.

Mishumaa ni ya bei za kila aina, midogo huanzia makumi machache ya ruble. Ya walio hai huwekwa mbele ya ikoni yoyote, yaani picha takatifu. Ya marehemu huenda kwenye meza ya pembe nne yenye msalaba mdogo. Ukiandika majina kwenye karatasi ya maombi, andika ya waliobatizwa tu, majina ya kwanza bila ya ukoo. Usipige picha ibada ikiendelea.

Mchana tulitembea hadi Uwanja wa Seneti. Jengo refu la rangi ya manjano lenye tao katikati ni kazi ya Carlo Rossi, 1829 hadi 1834: nusu moja ilikuwa Seneti, nusu ya pili Sinodi Takatifu. Leo upande wa Sinodi ni Maktaba ya Rais. Kwa Palmer hapa ndipo palipokuwa kitovu. Patriaki Adrian alikufa 1700, Peter Mkuu hakuruhusu mrithi, na kuanzia 1721 hadi 1917 Kanisa liliendeshwa na baraza la maaskofu likisimamiwa na ofisa wa serikali. Palmer alipofika, ofisa huyo alikuwa kabaila (Count) Nikolai Protasov, mtu wa kikosi cha wapanda farasi.

Ombi la Palmer lilikuwa la ajabu kidogo. Hakutaka kuhamia Orthodoksi. Alitaka kupokea komunyo kama mtu ambaye tayari ni wa Kanisa moja Katoliki, akishikilia kwamba Waanglikana, Waorthodoksi na Waroma ni matawi ya mti mmoja. Alihojiana na makasisi na maaskofu kwa miezi, na jibu likawa lilelile: Kanisa halina matawi yasiyoshirikiana meza. Kwa vile alitumia muda wake kubishana juu ya imani, yeye ndiye aliyewajua wanateolojia wa Urusi kuliko wageni wengi wa wakati wake. Mwaka 1855 aliingia Kanisa la Roma.

Swali la Palmer bado linamgusa msafiri, hasa kutoka kwetu. Asiye Mworthodoksi hapokei komunyo. Anaweza kubusu msalaba mwishoni na kula mkate uliobarikiwa. Lakini hata Mworthodoksi wa Kenya, Uganda au Tanzania aliye chini ya Patriaki wa Alexandria azungumze na padri siku moja kabla, kwenye maungamo. Moscow iliacha kumtaja Patriaki Theodoros baada ya yeye kulitambua Kanisa jipya la Ukraine mwaka 2019, na Desemba 2021 ikaanzisha eksarkati yake, yaani jimbo lake yenyewe, Afrika. Usiende kwenye kikombe ukidhani mambo ni yaleyale.

15 Agosti, Ikulu ya Majira ya Baridi

Hermitage, makumbusho yaliyo katika ikulu hii, hufungwa Jumatatu. Fika kabla ya kufunguliwa. Foleni ya saa sita mchana huzunguka ua. Begi la mgongoni halipiti, huachwa chini bila malipo. Wengi hukimbilia michoro ya Ulaya. Sisi tulikwenda kwanza Ukumbi wa Alexander, upande unaotazama uwanja mkubwa, wenye vyombo vya fedha kwenye makabati.

Tarehe 23 Januari 1874 Alfred, mwana wa Malkia Victoria, alimwoa Maria Alexandrovna, binti wa Tsar Alexander wa Pili. Ndoa ilifungwa mara mbili siku hiyohiyo: kwanza kwa taratibu za Kiorthodoksi katika kanisa kuu la ikulu, kisha kwa taratibu za Kianglikana katika ukumbi huu, na aliyeiongoza ni Stanley. Kanisa la ikulu lilirejeshwa na kufunguliwa tena kama ukumbi wa makumbusho. Hatua kutoka moja hadi jingine ni chache, na ukizitembea unaelewa jinsi mgeni huyu alivyoiona dini ya Urusi safari hiyo: kati ya milango miwili ya dhahabu.

Wakati huohuo mwili wa David Livingstone ulikuwa njiani kuelekea pwani yetu. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tarehe 18 Aprili ulizikwa Abasia ya Westminster, na Jacob Wainwright akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mkuu wa abasia aliyeongoza maziko alikuwa Stanley huyuhuyu, miezi mitatu tu baada ya harusi ya St Petersburg. Katika ukumbi wa Hermitage hakuna kibao kinachosema hivyo.

Kanisa la Waingereza wenyewe liko Angliyskaya Naberezhnaya namba 56. Tulitazama uso wake kutoka barabarani: nguzo, sanamu juu, milango imefungwa. Dakika kumi zinatosha.

Usiku wa 15 kuamkia 16, treni

Treni ya mwendo kasi hufika Moscow kwa saa nne hivi. Ya usiku huchukua saa nane au zaidi, na behewa la wazi la vitanda, platskarti, liligharimu karibu ruble 2,500 kitanda cha chini. Bila kadi ya Kirusi nunua dirishani kituoni, kwa taslimu na pasipoti. Jina kwenye tiketi lilingane na pasipoti herufi kwa herufi, la sivyo mhudumu wa behewa ana haki ya kukuacha. Epuka vitanda vya pembeni karibu na choo: watu hupita usiku kucha. Maji ya moto ni bure kutoka tangi la mwisho wa behewa, na glasi yenye kishikio cha chuma unaazimwa na mhudumu. Wetu alikuwa mama wa makamo. Alipojua kwamba kundi linafunga, alirudi na matango mawili na chumvi kwenye karatasi.

Reli hii ilifunguliwa 1851, na treni ya kwanza ya abiria ilitumia saa 21 na dakika 45. Palmer, miaka kumi kabla, hakuwa na reli. Stanley alikuwa nayo. Tofauti hiyo si ndogo. Anayesafiri kwa gari la farasi hulala vijijini, hubadilisha farasi na kuwaona wakulima, apende asipende. Anayesafiri kwa treni huwaona dirishani.

16 na 17 Agosti, Kremlin na Vagankovo

Kremlin hufungwa Alhamisi. Tiketi ya Uwanja wa Makanisa hununuliwa kwenye Bustani ya Alexander, mlango ni Mnara wa Kutafya, na mabegi makubwa huachwa nje. Kanisa Kuu la Kulala kwa Mama wa Mungu lilijengwa 1475 hadi 1479 na Mwitalia Aristotele Fioravanti. Ndani ni dogo kuliko picha zinavyodanganya: nguzo nne za duara kama mapipa zimejaa watakatifu hadi juu. Stanley, kama Waprotestanti wengi waliotumia macho yao badala ya hasira, alielewa kwamba kuta hizi ndizo zilikuwa kitabu cha taifa ambalo wengi wake hawakujua kusoma.

Creighton alisimama humu tarehe 26 Mei 1896 wakati Nicholas anajivika taji. Alivutiwa sana na ibada ile, na aliandika juu yake kwa heshima: mfalme anayepiga magoti kuwaombea watu wake, watu wanaosimama kumwombea yeye. Ndivyo ilivyoonekana kutoka viti vya wageni rasmi.

Siku nne baadaye, tarehe 30 Mei, umati uliokesha uwanja wa Khodynka kungojea zawadi za sherehe, yaani kikombe cha enameli chenye herufi za mfalme, mkate, soseji na vitamutamu, ulisukumana juu ya mashimo na mitaro ambayo haikufukiwa. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 1,389. Usiku huo mfalme alihudhuria dansi ya balozi wa Ufaransa. Ukitaka kuona upande huu, usiende Khodynka yenyewe, ambayo leo ni bustani na majengo ya biashara. Nenda makaburi ya Vagankovo: metro Ulitsa 1905 Goda, kiingilio bure. Mnara wa mawe wa waliokufa hauko mbali, lakini ramani ya mlangoni iko kwa Kirusi pekee. Uliza kwa kuandika "Ходынка" kwenye simu. Mzee mfagiaji aliacha toroli lake akatupeleka hadi pale.

Jumapili, ibada ya Kianglikana iko Mtakatifu Andrea, Voznesensky Pereulok namba 8, kanisa la matofali mekundu lililojengwa miaka ya 1880 kwa mtindo wa Uingereza tupu. Enzi ya Kisovyeti lilikuwa studio ya kurekodi ya Melodiya kwa sababu ya sauti yake nzuri. Baada ya ibada kuna chai, na waumini wengi ni Waafrika: wanafunzi, wafanyakazi wa balozi. Nusu saa ya mazungumzo pale ilitupa habari nyingi zaidi za bei na usajili kuliko kitabu chochote cha mwongozo.

19 Agosti, Rogozhskoye

Hii ndiyo hatua ambayo tungeirudia kabla ya nyingine zote.

Patriaki Nikon, katikati ya karne ya 17, alirekebisha vitabu na taratibu za ibada zifanane na za Wagiriki: vidole vitatu badala ya viwili wakati wa kujifanyia ishara ya msalaba, aleluya tatu badala ya mbili, na mengine. Waliokataa walilaaniwa na mtaguso wa 1666 hadi 1667. Waumini wa Kale hao waliteswa, wakakimbilia misitu na mipaka, na baadhi yao wakawa wafanyabiashara matajiri. Kituo chao Moscow ni Rogozhskoye, makaburi yaliyogeuka mji mdogo. Shuka metro Ploshchad Ilyicha au Rimskaya, kisha utembee nusu saa hivi au upande basi.

Kanisa Kuu la Maombezi lina ukubwa unaoshangaza kwa watu waliokuwa nusu haramu. Utajiri wa wafanyabiashara unaonekana kwenye ikoni za kale. Mwaka 1856 serikali ilitia lakiri madhabahu za hapa. Watu waliweza kuingia na kusali, lakini milango ya patakatifu ilibaki na mihuri, hakuna liturujia kamili. Ilifunguliwa 1905, siku za Pasaka, pamoja na amri ya Nicholas ya kuruhusu uhuru wa dini. Miaka 49. Mnara mrefu wa kengele ulio mbele ya kanisa ulijengwa kukumbuka kufunguliwa huko.

Kwa hiyo mwaka Stanley alipokuwa Moscow akipokelewa na Metropoliti Filaret, askofu mkuu wa mji huo, lakiri hizi zilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Stanley hakuwa mjinga wa jambo hili; katika mihadhara yake ya Oxford alizungumza kwa kirefu juu ya Nikon na waliompinga. Lakini aliwatazama kama mwanahistoria anayetazama mabaki ya kale, kwa udadisi na tabasamu kidogo. Kwamba lile lilikuwa kosa la dola lililokuwa likitendeka wakati huohuo, kwa baraka za mwenyeji wake, hilo linapita kimyakimya. Hapa ndipo tunapomwona amepungukiwa.

Taratibu za mgeni ni kali kuliko kwingine. Simama nyuma, karibu na mlango. Usijifanyie ishara ya msalaba kwa vidole vitatu. Mikono ikae chini. Mwanamke afunge mtandio kwa pini chini ya kidevu, bila fundo, na sketi ifike kwenye vifundo vya miguu, suruali hairuhusiwi. Mwanamume avae mikono mirefu. Utaona waumini wameshika kanda za ngozi zenye vipingili vya kuhesabia sala, na vijimto vidogo vya mraba wanavyoweka sakafuni ili viganja visiguse uchafu wakati wa kusujudu. Watu husujudu wote pamoja, kwa wakati mmoja. Uimbaji ni wa sauti moja, bila kugawanyika, na mishumaa mikubwa huwashwa kwa mkono mmojammoja. Ukichoka, toka polepole kati ya masomo, usitoke wakati wa kusujudu.

Tarehe 19 ni Kugeuka Sura kwa Bwana, siku ya kubariki matofaa. Wengi hawali tofaa la mwaka mpya kabla ya siku hii. Baada ya ibada kikapu kilizungushwa hadi nyuma walikosimama wageni, na mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani alihakikisha kila mmoja ana lake kabla ya kula la kwake. Mgahawa wa ndani ya eneo hutoa chakula cha kufunga: supu ya kabichi, uji wa ngano nyeusi na uyoga, na kinywaji cha kvasi kilichochacha sawasawa. Siku hiyo samaki alikuwepo. Mlo mzima kwa ruble 700 hivi, taslimu.

21 Agosti, Yerusalemu Mpya

Treni ya mtaa kutoka Rizhskaya hadi kituo cha Novoierusalimskaya, saa moja na nusu hivi, kisha mwendo wa nusu saa kwa miguu. Siku za kazi mchana treni kadhaa hufutwa kwa matengenezo ya reli. Tazama ubao wa kituo, usiamini ratiba iliyochapwa. Tulikaa kituoni dakika 80 tukila mikate ya kabichi.

Nikon alianzisha monasteri hii 1656 akitaka Urusi iwe na Kaburi Takatifu lake: kanisa lifuate ramani ya lile la Yerusalemu, mto Istra uwe Yordani, vilima vipewe majina ya Injili. Alivuliwa cheo 1666, akafa 1681 akiwa njiani kurudi, akazikwa humu. Wajerumani waliilipua Desemba 1941. Unachokiona ni ukarabati mkubwa wa karne hii, na dhahabu bado inang'aa kupita kiasi. Shuka kanisa la chini la Konstantino na Helena, ngazi 33. Sakafu huwa na unyevu, vaa viatu visivyoteleza. Ukitoka Rogozhskoye kuja hapa ndani ya siku mbili unapata ugomvi wote wa karne ya 17: kule walioumizwa, hapa aliyewaumiza, naye akiwa ameangushwa na dola ileile iliyotumia mageuzi yake.

Siku zilizofuata zilikuwa mvua, kufua nguo na foleni ya benki.

27 na 28 Agosti, Sergiev Posad

Kilomita 70 hivi kutoka kituo cha Yaroslavsky, saa moja na nusu kwa elektrichka, yaani treni ya mtaa, chini ya ruble 400. Kwa sikukuu weka chumba mapema sana. Mji mzima hujaa. Aliyekosa chumba arudi Moscow kwa treni za usiku, lakini mkesha huisha karibu saa 3 usiku na umati wote hukimbilia kituo kimoja, basi nunua tiketi ya kurudi asubuhi unapofika.

Lavra hii ilianzishwa na Sergius wa Radonezh katika karne ya 14. Kanisa la Utatu, 1422 hadi 1423, ndilo lenye masalia yake, na foleni huenda polepole huku wimbo ukiendelea kutwa. Tulisimama saa moja na robo. Ikoni ya Utatu ya Andrei Rublev, iliyokaa makumbusho ya Tretyakov kwa miongo, ilirudishwa huku 2024 ingawa wataalamu wa uhifadhi walipinga kwa hofu ya unyevu na joto la mishumaa. Maji ya chemchemi hujazwa bure karibu na Kanisa la Kulala. Chupa zinauzwa getini kwa bei ya juu, njoo na yako. Kengele kubwa ya karne ya 18 iliangushwa na kuvunjwa 1930. Ya sasa ina tani 72, na ikipigwa mkesha unaisikia kifuani kabla ya masikioni.

Filaret wa Moscow alikuja hapa kila alipoweza na akazikwa hapa 1867. Baadaye masalia yake yalihamishiwa Kanisa Kuu la Kristo Mwokozi. Palmer alibishana naye, Stanley alimstahi, na wote wawili walimwona kama Kanisa la Urusi lililotembea kwa miguu miwili: mzee mdogo wa mwili, mfungaji, msomi. Yeye pia ndiye aliyeandaa maneno ya tangazo la 1861 la kuwaachia huru wakulima waliofungwa kwa ardhi ya mabwana, ingawa hakuwa na haraka na jambo lenyewe. Ukichanganya hayo mawili unapata picha ya mtu iliyo kamili kuliko sifa za wageni.

Mkesha wa tarehe 27 ulianza saa 11 jioni. Kanisa la Kulala lilijaa hadi ngazi za nje, na ibada ilisikika kwa vipaza sauti uani, ambako pana hewa. Vijana wa seminari walipita wakigawa maji kwa waliozimia. Mama mmoja aliyeketi kwenye kiti chake cha kukunja alimwamuru mgeni aliyekuwa akiyumba aketi, naye akasimama hadi mwisho. Kukataa kulimuudhi, kwa hiyo tulikubali. Beba kiti kama hicho, huuzwa ruble 600 hivi kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Asubuhi, baada ya liturujia, mfungo ulikuwa umekwisha na mji ulinukia siagi. Mgahawa wa mahujaji uliishiwa na chapati maji za jibini kabla ya saa 5.

29 Agosti, Kalyazin

Mabasi ya kwenda kaskazini hupita Sergiev Posad; safari ni saa mbili na ushee, na kiti hakina uhakika kwa sababu basi hufika limeshajaa kutoka Moscow. Dereva huchukua taslimu.

Watalii huja kupiga picha mnara wa kengele wa 1800 uliobaki katikati ya maji baada ya bwawa la Uglich kufunika sehemu ya mji mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwenye mashua huzunguka nao kwa bei ya mapatano. Sababu yetu ilikuwa padri Ioann Belliustin, aliyehudumu katika mji huu wakati Stanley anapokelewa Moscow. Maandishi yake juu ya maisha ya makasisi wa vijijini yalichapwa Leipzig 1858 bila jina lake: mapadri wanaolima kama wakulima wao ili wale, wanaoomba senti baada ya kila ubatizo na maziko, wanaodharauliwa na mabwana; watoto wao wanaopigwa seminarini; maaskofu watawa wasioujua umaskini wa padri mwenye mke na watoto. Sinodi ilitaka kumpeleka uhamishoni kisiwa cha Solovki, na Tsar ndiye aliyezuia. Kitabu cha Stanley, mgeni wa mwaka uliotangulia, hakina hata robo ya hayo, kwa sababu mji kama huu haukuwa kwenye orodha ya mahali pa kumpeleka mgeni.

Basi la mwisho la kurudi hupita mapema jioni, na kituo hakina ubao wa saa. Muulize muuza tiketi mara tu unaposhuka, na uwe barabarani nusu saa kabla.